Mtetemo Chini ya Kiganja

Jumapili ile, kama saa kumi jioni, nilikuwa nampaka Papa mafuta kifuani. Tulikuwa tumempangusa kwa maji ya uvuguvugu, Mama ametoka kumwaga beseni, nami nikabaki na kopo la mafuta na kifua cha baba yangu kilichojaa mvi. Kiganja kilipofika kushoto kidogo ya mfupa wa katikati, nikahisi kitu kinatetemeka chini ya ngozi.

Hayakuwa mapigo. Mapigo nayajua. Huu ulikuwa mtetemo mwembamba, wa haraka, unaokuja na kila pigo na kuondoka nalo, kama ubao wa cherehani mtu anapokanyaga pedali. Papa alikuwa fundi wa nguo Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa zaidi ya miaka 30. Nilikulia chini ya meza yake, na mchezo wa kwanza ninaoukumbuka ni kubandika kiganja kwenye ule ubao ili unitekenye.

Nilifurahi.

Nikajisemea: moyo wake umepata nguvu.

Saa kumi na moja na nusu muuguzi wa zamu akaja kupima tansio, yaani presha ya damu. Akaweka stetoskopu palepale. Akaihamisha. Akairudisha. Akatuomba tunyamaze, akafumba macho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, asubuhi docta alipopita, hii sauti aliisikia?"

Papa alifariki Jumatatu kabla hakujapambazuka. Hilo nimelilia na bado nitalilia. Lakini kilichoninyima usingizi wiki zote hizi ni ile saa moja na nusu, na ile furaha.

## Siku mbili za gesi

Ilianza Jumanne jioni, akinyoosha koti kwa pasi ya makaa. Akaketi ghafla, akashika kifua, akasema ni gesi. Sote tuliokuwepo tulikubali upesi, kwa kuwa gesi ni ugonjwa ambao kila nyumba ina dawa yake. Tukamchemshia tangawizi. Nilimwona akitokwa na jasho, na Bukavu jioni hiyo ilikuwa baridi, mvua imetoka kunyesha.

Niliona. Nikampa taulo.

Usiku maumivu yakapanda kwenye taya na bega la kushoto. Jumatano asubuhi kijana wa farmasi akamchoma diklofenaki, sindano ya kutuliza maumivu, kwa ajili ya bega. Kweli akapata nafuu, akapanda hadi sokoni kumpima mteja. Jumatano usiku akashindwa kulala chali. Alikaa dirishani akivuta pumzi mpaka asubuhi. Alhamisi ndipo tukamwingiza kwenye teksi.

Elektro, kipimo cha umeme wa moyo, ilichukua dakika chache. Daktari, mwanamke kijana mwenye maneno machache, aliuliza swali moja tu: maumivu yalianza lini? Mama akajibu Jumanne, saa moja jioni. Nikamwona daktari anahesabu kimoyomoyo.

Wakati ule sikujua anahesabu nini. Sasa najua. Misuli ya moyo ikikatiwa damu huanza kufa ndani ya dakika 20 hadi 40. Dawa ya kuyeyusha donge lililoziba mshipa ina faida ndani ya saa 12 za kwanza, na faida kubwa iko kwenye zile mbili tatu za mwanzo. Sisi tulifika tukiwa na saa 37.

Niseme jambo kuhusu ile diklofenaki, maana sindano hiyo inachomwa kila kona ya mji wetu. Mtu mwenye shambulio la moyo hukatazwa dawa za jamii hiyo, isipokuwa aspirini, kwa kuwa zinauongezea moyo hatari na zinaweza kuzuia kovu lisikae vizuri. Sisemi sindano moja ilimuua Papa. Nilimwuliza daktari, akakataa kusema hivyo, na mimi simsingizii yule kijana. Ila iliyanyamazisha maumivu siku ile ambayo maumivu ndiyo yalikuwa kengele pekee tuliyokuwa nayo.

## Siku nzuri

Ijumaa maumivu yalikwisha. Jumamosi Papa aliomba wembe anyoe ndevu. Wanakwaya wa parokia walikuja, wakaimba polepole ili wasiwasumbue wagonjwa wengine, na yeye akawapigia sauti ya nne kutoka kitandani. Wifi yangu, mke wa yaya, yaani kaka yangu, alileta sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, na bugali kidogo. Akala. Mama akawapigia ndugu wa Idjwi kwamba mzee amepona.

Ukiniuliza nilikosea wapi kabla ya Jumapili, nitakuonyesha Jumamosi hii. Hakuna tulichofanya kibaya. Tulichokosea ni namna tulivyoielewa. Tuliona mtu haumwi, tukajua ametoka hatarini.

"Misuli iliyokufa haiumi," daktari aliniambia baadaye.

Nilirudi kumwona wiki tatu baada ya maziko, na daftari mkononi. Nilidhani hatanipokea. Alinipokea, akafunga mlango, akageuza karatasi ya dawa na kuchora moyo kwa nyuma: vyumba viwili juu, viwili chini, na kati ya vile vya chini ukuta mnene. Akauchafua ukuta huo kwa kalamu mahali pamoja.

Akasema mwili haujengi kovu juu ya misuli iliyokufa kama anayepiga lipu juu ya ufa. Kwanza unabomoa. Chembe za usafi zinaingia, zinaila ile misuli iliyokufa, na kovu gumu linakuja nyuma yake polepole, kwa muda wa wiki sita hadi nane. Kuanzia kama siku ya tatu hadi ya saba, mahali pale panakuwa laini kuliko palivyokuwa siku ya kwanza. Na moyo haupumziki ukisubiri ukarabati. Unaendelea kusukuma, pigo kwa pigo, ukiugonga ule ulaini.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwaya na wembe, siku tuliyoshukuru Mungu, ndani ya kifua cha Papa ukuta ulikuwa katika hali yake dhaifu kuliko zote.

## Ukuta wa kati

Kilichompata kinaitwa kupasuka kwa ukuta wa kati wa moyo. Chumba cha kushoto kinasukuma damu kwenda mwili mzima, kwa hiyo nguvu yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya chumba cha kulia kinachopeleka damu mapafuni tu. Ukuta ukitoboka, damu inaruka kutoka kushoto kwenda kulia. Badala ya kwenda kwenye figo, ubongo na miguu, inarudi kulekule mapafuni ilikotoka. Tansio inaanguka, miguu inapoa, mkojo unakauka. Na damu inayopenya kwa nguvu kwenye tundu dogo inapiga mvumo. Mvumo huo ndio muuguzi aliusikia akiwa amefumba macho.

Kwa karibu nusu ya wagonjwa, mvumo unakuwa mkali kiasi kwamba mkono unaweza kuuhisi juu ya ngozi. Unakuwa mtetemo.

Daktari aliposema neno hilo, kalamu yangu ilisimama. Sikuwa nimemwambia bado.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ubao wa cherehani, mafuta, furaha. Hakunikatiza. Akaniuliza, "Saa ngapi?" Nikasema saa kumi. Akaandika kwenye karatasi yake, sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kazi tu. Lakini kumwona akiandika kulinisaidia kuliko pole zote nilizopewa, kwa sababu kwa mara ya kwanza ile saa kumi ilikuwa jambo lililotokea kweli, na si wazimu wangu wa usiku.

Nilimwuliza kama ni kitu cha kawaida. Akasema ni nadra. Nikaona neno hilo halinifariji, nikamwomba hesabu. Zamani, kabla ya dawa na vifaa vya kufungua mishipa, ukuta wa kati ulipasuka kwa mtu 1 hadi 3 katika kila 100 waliopata shambulio la moyo. Leo, mahali ambapo mshipa unafunguliwa mapema, ni watu 2 au 3 hivi katika kila 1,000. Hatari ni kubwa zaidi kwa wazee, kwa wanawake, kwa wale ambao hilo ni shambulio lao la kwanza, na kwa waliochelewa kufika.

Nimeitafakari hesabu hiyo mara nyingi. Papa alikuwa na simu mfukoni na elektro ya kisasa ukutani, lakini kwa saa 37 zile tulimwondoa kwenye hesabu ya leo tukamrudisha kwenye ile ya zamani.

Ukuta wa kati una ndugu zake. Wakati mwingine unaopasuka ni ukuta wa nje. Damu inajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, inaukaba, na mtu anakata roho katikati ya sentensi. Wakati mwingine inakatika misuli inayoshikilia vali ya mitrali, mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto. Mapafu yanajaa maji ndani ya dakika, na hapo mvumo unaweza kuwa mdogo sana au usisikike, jambo ambalo linaniogopesha zaidi. Wakati mwingine hakuna kinachopasuka, bali damu inaganda kwenye sehemu ya moyo isiyocheza tena, kipande kinang'oka, kinapanda kichwani, na familia inaamka na kiharusi.

Si kila maumivu yanayorudi ni kifo, lakini. Mama wa mwalimu mwenzangu alitoka hospitali salama, na wiki ya tatu akashikwa na homa na kichomi kila akivuta pumzi. Walilia wakijua safari imefika. Ilikuwa ni uvimbe wa ule mfuko wa moyo, ambao William Dressler aliueleza mwaka 1956, na dawa yake kubwa ni aspirini. Leo anauza lengalenga Nyawera kama zamani. Kilichomwokoa ni kwamba walirudi hospitali siku ileile, hawakukaa nyumbani kubishana.

## Ngazi

Hospitali ile, kama kila kitu Bukavu, imejengwa kwenye mteremko. Kutoka wodini kwenda chooni kuna ngazi kumi na mbili. Nimezihesabu baadaye. Jumamosi usiku Papa alikataa bakuli la mgonjwa, akasema yeye si mtoto. Yaya akamshika mkono wakapanda wakashuka.

Tangu siku hiyo yaya anaamini ndiye aliyeupasua ule moyo. Hakusema msibani. Aliniambia siku moja tu, tukiwa tumekaa juu ya ukuta tunaangalia ziwa, akasema "zile ngazi" akanyamaza.

Nililipeleka hili pia kwa daktari. Zamani wagonjwa wa moyo walilazwa chali wiki nzima, hata sita, kwa hofu hiyohiyo. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston waliandika kuhusu wagonjwa wao waliowatoa kitandani mapema na kuwaketisha kwenye kiti, na hawakufa zaidi. Kinyume chake, kulala muda mrefu kulileta madonge ya damu na kukata tamaa. Siku hizi mgonjwa ambaye hali yake imetulia huinuliwa taratibu tangu siku za mwanzo.

"Ngazi kumi na mbili si nzuri," daktari alisema, "bakuli lingekuwa bora. Lakini ukuta uliooza unapasuka hata mtu akilala usingizi."

Nilimpelekea yaya maneno hayo yote mawili, la kwanza na la pili. Nusu ya ukweli ingemtuliza haraka, lakini yeye ananijua. Angesikia kwamba nimeficha kitu.

## Daraja la Ruzizi

Kuna wanaosema tungempeleka Kigali, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Usiku ule nilisema hivyo mwenyewe, saa nane, nikiwa nimemshika daktari wa zamu koti. Mpaka umefungwa, tansio ya Papa haisomeki, na ng'ambo ya daraja kuna saa tano au sita za kona katikati ya msitu wa Nyungwe.

Hata ingekuwa mchana. Tundu hili aliliona Mwingereza Peter Latham mwaka 1845, kwenye maiti. Denton Cooley na wenzake wa Houston walichapisha habari za kulishona kwa mafanikio mwaka 1957. Zaidi ya miaka mia ilipita kati ya kuliona na kuliziba, na hadi leo upasuaji huo unaogopwa. Bila kushonwa, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 hufa. Wakishonwa, bado wanakufa kama 4 kati ya 10. Sababu yake Papa angeielewa kuliko mimi: uzi haushiki kwenye kitambaa kilichooza. Mara ngapi nimemsikia akimrudishia mteja suruali, "Mama, hapa nikipitisha sindano, nitaongeza tundu." Ndiyo maana madaktari wa upasuaji, mgonjwa akiweza kuvumilia, hupenda kusubiri siku kadhaa kovu lianze kukaza, wakimsaidia moyo kwa mashine. Asiyeweza kuvumilia hushonwa hivyohivyo, na hao ndio wanaokufa zaidi.

Kwa hiyo saa yangu moja na nusu ingebadilisha nini? Daktari alisema: karibu hakuna. Ningemwita muuguzi saa kumi, tungejua saa kumi. Mlango uliofungwa ulikuwa wa Jumanne.

Naamini. Naamini mchana. Usiku naamini kidogo.

## Karuho

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Msibani, siku ya pili, baba mdogo aliuliza mbele ya watu: Jumamosi mzee alikuwa anaimba, Jumapili usiku akaanguka, nani alimletea chakula? Kila aliyekulia Kivu anajua swali hilo linakwenda wapi. Mtu akipata nafuu halafu akageuka ghafla, neno ni moja, karuho. Sumu inayolala ndani na kuamka kwa wakati wake.

Kimya kikaingia hemani. Wifi alikuwa anagawa chai. Akaweka birika chini, akaondoka na viatu vyake mkononi.

Na mimi sikusema kitu.

Nilijua kuna muuguzi aliyesikia sauti. Nilijua kiganja changu kilihisi nini. Sikuwa na majina ya mambo hayo bado, lakini nilijua vya kutosha kusema, "Baba mdogo, ulikuwa moyo." Nilinyamaza kwa sababu nafasi ya lawama ilikuwa moja, na wifi akiikalia, mimi nilikuwa nimesimama salama. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya nikiwa nimevaa kikwembe cha msiba wa baba yangu.

Wiki tatu wifi hakukanyaga kwetu. Watoto wake wakaacha kuja kula kwa bibi yao. Yaya akawa anakuja peke yake, anakaa pembeni, na zile ngazi zake kichwani.

Simlaumu baba mdogo kwa kuuliza. Alipoteza kaka. Alionyeshwa mtu aliyepona, kisha akaonyeshwa maiti, na hakuna aliyemweleza kilichopita katikati. Mahali ambapo maelezo hayakufika, watu watajaza kwa walicho nacho.

Niliporudi kutoka kwa daktari, sikupitia nyumbani. Nilichukua moto, pikipiki ya abiria, hadi Bagira kwa baba mdogo, nikaweka ile karatasi yenye mchoro mezani. Nikamwonyesha ukuta. Nikamwambia habari za siku ya tatu hadi ya saba, za misuli isiyouma, za mvumo. Kisha nikamwambia kuhusu kiganja changu, na kwamba nilinyamaza hemani nikijua.

Aliishika karatasi muda mrefu. Aliigeuza, akasoma hata majina ya dawa yaliyochapwa upande wa pili.

"Kwa hiyo ni moyo wenyewe ulipasuka."

"Ndiyo, baba."

"Siku ya sambaza ulikuwa umeanza kuoza."

"Tangu Jumanne, baba."

Hakusema zaidi. Alinisindikiza hadi barabarani, akamlipa motari kabla sijafungua mkoba.

Jumapili iliyopita alikuja mwenyewe, hakutangaza, na hakupitia kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwa yaya. Nilikuwepo. Wifi alikuwa jikoni, na aliposikia sauti yake alibaki huko muda, nikasikia mafuta yanachemka. Alipotoka alibeba sahani ya sambaza na bugali la moto. Akaviweka mbele ya baba mdogo, akachukua samaki mmoja kuonja kwanza, kama anavyofanya mtu anayejua anashukiwa.

"Acha hivyo, mama," baba mdogo alisema, na kuivuta sahani kwake.

Akanawa, akala. Katikati ya chakula akaomba pilipili.